Kumeta na Kumulika: Istilahi kwa Dutu za Kikaboni Zitoazo Mwanga

Makala haya yanahusu jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kudhaniwa halina nafasi katika jarida la lugha: dutu za kikaboni ambazo hutoa mwanga zipitiwapo na umeme, na ambazo siku hizi hutengenezewa viwambo vya simu na televisheni na, kwa kiasi kidogo zaidi, taa za nyumbani. Dutu hizo ni mali ya mkemia na mwanafizikia. Lakini mtu akitaka kuzieleza kwa Kiswahili hana budi kuchagua maneno, na kuchagua maneno ni kazi yetu. Hoja yangu ni kwamba Kiswahili, kabla ya kuwako maabara yoyote ya namna hiyo, kilikuwa kimekwisha kutenga mambo mawili ambayo tekinolojia hii yote imegawanyika juu yake, yaani kumeta na kumulika; na kwamba istilahi zetu yafaa zijengwe juu ya vitenzi hivyo viwili, wala si kwa kutohoa tu zile herufi nne, OLED, zinazochapwa katika maboksi ya simu.

Suala hili si la anasa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini sayansi katika shule zetu za upili hufundishwa kwa Kiingereza. Huko Tanzania, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na kazi hiyo ilitupa mlango wa kuingilia. Wakati huo, hata hivyo, vitu tunavyovizungumzia vilikuwa bado maabarani. Bidhaa ya kwanza kuuzwa, kiwambo kidogo cha redio ya gari cha kampuni ya Pioneer ya Japani, ilikuja mwaka 1997. Leo bidhaa hizo zimo mifukoni mwa watu wasiopata kuiona maabara, nao hawakungoja kamati yoyote ili wazitaje.

Tuanze na watu hao. Sironga, katika Kaunti ya Nyamira, ni mahali pa chai, ndizi na ardhi ya majimaji bondeni. Nyamira ilitengwa na Wilaya ya Kisii mwaka 1989, lakini kwa lugha ni nchi moja: watu husema Ekegusii nyumbani, na Kiswahili wakutanapo na mgeni au washikapo chombo cha kisasa. Kwa mafundi wa simu, huko Sironga na mjini Kisii pia, msamiati unaohusu uso wa simu si mkubwa, lakini una nidhamu yake. Uso wote huitwa kioo. Doa jeusi linalotanda baada ya simu kuanguka huitwa wino, na husemwa kwamba kioo kimemwaga wino. Mstari wa kijani unaokatiza uso kutoka juu hadi chini huitwa mstari tu. Ukiuliza tofauti ya kioo cha bei ya chini na cha bei ya juu utajibiwa kwamba kile cha juu "kina rangi", au kwamba "cheusi chake ni cheusi kweli". Jibu hili la mwisho ni sahihi kisayansi kuliko alivyokusudia msemaji, nasi tutalirudia.

Neno kioo ni zuri kwa fundi, lakini kwa mwalimu lina kasoro. Kioo ni kitu kinachopitisha mwanga au kinachourudisha. Hakitoi chochote chake. Ndiyo maana napendelea kiwambo, ambalo limekwisha kuzoeleka kwa maana hii katika maandishi. Msomaji anakumbuka kwamba kuwamba ni kutandaza ngozi juu ya ngoma na kuikaza. Kiwambo, basi, ni kitu chembamba kilichotandazwa juu ya kingine, na hapana maelezo bora ya kifaa hiki: tabaka kadhaa za dutu za kikaboni, ambazo zote kwa pamoja aghalabu hazizidi sana nanometa mia moja au mia mbili kwa unene, zimewambwa juu ya bamba la kioo au la plastiki. Unywele mmoja wa kichwa huwa na unene wa makumi ya maelfu ya nanometa.

"Hai" na "kikaboni"

Neno la kwanza linalotutatiza ni hilo linaloanzia na herufi O. Katika Afrika Mashariki wakulima na wafanyabiashara wamekwisha kulitafsiri. Kiwango cha mazao ya kilimo kisichotumia kemikali za viwandani kilipitishwa kwa eneo letu mwaka 2007, na alama yake hubeba maneno Kilimo Hai. Tafsiri hiyo imefaulu, na sina neno la kuipinga hapo ilipo. Hatari ni kwamba mfasiri mwenye haraka ataichukua na kuibandika kwenye kiwambo cha simu, tupate "daiodi hai", na msomaji adhani ndani ya simu mna kiumbe.

Asili ya mkanganyiko ni ya zamani. Wakemia wa Ulaya waliamini kwamba dutu za miili ya viumbe zilihitaji uhai ili ziumbwe, ndipo wakazipa jina la uhai. Mwaka 1828 Friedrich Wöhler, Mjerumani, alitengeneza urea, dutu iliyomo katika mkojo, kutokana na chumvi isiyo na uhusiano na kiumbe chochote. Tangu hapo imani ile ilianza kuvunjika, ila jina lilibaki, nalo leo kwa mkemia lina maana ya michanganyiko ya kaboni tu, iwe imetoka katika mti, katika makaa ya mawe au katika chupa. Yeyote anayetaka kuona umbali wa maana hizi mbili na aingie katika duka lolote la pembejeo. Gunia la urea lililoegemezwa ukutani ni dutu ya kikaboni kwa mkemia, na hiyo hiyo imekatazwa kabisa katika kilimo hai. Lugha isiyotenganisha mambo hayo itamfanya mwanafunzi ashindwe mtihani bila ya kosa lake. Kwa hiyo kikaboni, wala si hai.

Kuwaka, kung'aa, kumeta, kumulika

Kiswahili kina vitenzi vingi vya mwanga, na wanafunzi wetu huvitumia kama kwamba ni kimoja. Kuwaka ni kwa moto: kuni huwaka, mshumaa huwaka, na kwa kupanua maana taa ya umeme huwaka pia, kwa kuwa balbu ya zamani ilikuwa na uzi uliopashwa moto hadi ukageuka mweupe. Hapo lugha haikusema uongo. Balbu ile, kama koroboi, ilitoa mwanga kwa sababu ilikuwa na joto kali, na sehemu kubwa ya nishati yake ilipotea kwa joto hilo hilo. Ilitoa lumeni zipatazo 12 hadi 15 kwa kila wati, na koroboi ya mafuta ya taa haifiki hata lumeni moja. Kung'aa ni pana zaidi: jua hung'aa, na viatu vilivyopigwa rangi hung'aa, ingawa viatu havina mwanga wao. Kumulika ni kuelekeza mwanga juu ya kitu kingine ili kionekane; kitenzi hiki hudai yambwa, nasi humulika njia, humulika mwizi, humulika kaburi la sahani chini ya meza. Kumeta hakudai yambwa. Kitu humeta chenyewe, nalo jicho huvutwa nacho.

Sasa tazama mdudu yule mdogo apendaye nyasi zenye unyevu usiku. Lugha imempa majina mawili, kimulimuli na kimetameta, na kila jina limechukua kitenzi chake. Wenye kumwita kimulimuli wamemfikiria kama mwenye taa. Wenye kumwita kimetameta wamemfikiria kama kitu cha kutazamwa. Elimu ya viumbe iko upande wa hawa wa pili, maana mdudu huyo hatoi mwanga ili aone njia, bali ili aonekane na mwenziwe. Aidha, mwanga wake hauna moto. Hutokana na kemikali iitwayo lusiferini inapoungana na oksijeni, na kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba katika kila molekuli mia zilizotumika, themanini na nane zilitoa chembe ya mwanga. Wataalamu wa Japani walipima upya na mwaka 2008 wakatangaza kwamba ni kiasi cha arobaini na moja. Hata hivyo arobaini na moja kwa mia, bila ya joto, kwa mdudu, si haba.

Dutu tunazozizungumzia humeta kwa namna hiyo: mwanga baridi kutokana na molekuli za kaboni. Tofauti ni kwamba huchochewa kwa umeme badala ya oksijeni, na kwa kweli oksijeni ni adui yao mkubwa.

Dutu ya kwanza kuonyesha tabia hiyo kwa uwazi katika umbo la fuwele ilikuwa anthrasini, inayopatikana katika lami ya makaa ya mawe. Katika Chuo Kikuu cha New York, Martin Pope na wenzake waliipitishia umeme na kuiona ikitoa mwanga, wakatangaza matokeo yao mwaka 1963. Kabla yao, katika miaka ya 1950, André Bernanose alikuwa ameona mambo ya jinsi hiyo huko Nancy, Ufaransa. Fuwele ile ilihitaji mamia ya volti, jambo lililoifanya isifae kwa matumizi ya kawaida. Hapa naomba ruhusa ya kusimama kidogo, kwa kuwa mwanaisimu hapiti penye sadfa kama hii akanyamaza. Jina anthrasini latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya makaa, na neno hilo hilo ndilo lililoupa jina la kitaalamu ugonjwa wa mifugo ambao sisi twauita kimeta. Ndiyo kusema nomino ambayo kwa kanuni zote ingekuwa jina la kitu kimetacho, kimeta, imekwisha kutwaliwa na ugonjwa unaoua ng'ombe na kumdhuru mwenyewe. Na ugonjwa huo, katika lugha nyingine, ni ndugu wa jina wa dutu ya kwanza iliyometa maabarani. Mfugaji wa Nyamira akiambiwa simu yake ina kimeta ataitupa. Hatuna budi kutafuta umbo jingine, na napendekeza kimetaji, wingi vimetaji, kwa mfano wa kinywaji: kiambishi -ji kikileta maana ya mazoea, kitu ambacho kumeta ndiyo kazi yake.

Jinsi kimetaji kimetavyo

Hatua kubwa ilifanyika katika kampuni ya Eastman Kodak mjini Rochester, Marekani. Mwaka 1987 Ching Tang, mzaliwa wa Hong Kong, na Steven Van Slyke walieleza kifaa chenye tabaka mbili za kikaboni ambazo kwa pamoja hazikufika nanometa 150. Kilitoa mwanga wa kijani chini ya volti kumi, umeme ambao betri sita za tochi zaweza kuutoa. Siri ilikuwa ni kugawa kazi. Tabaka moja ilipokea elektroni kutoka upande hasi. Nyingine ilipokea kutoka upande chanya kile ambacho wanafizikia wa Kiingereza hukiita kwa neno la tundu. Mimi naona tundu halifai. Tundu ni uwazi uliotobolewa, nao hukaa mahali pamoja. Kinachosemwa hapa ni mahali palipokuwa na elektroni, na sasa haipo, na ambapo elektroni jirani huweza kuhamia na kuacha nafasi yake wazi, hivyo nafasi hiyo ikaonekana inasafiri. Kiswahili kina neno pengo kwa jino lililong'oka na kwa mtu aliyeondoka, nasi husema kuziba pengo. Elektroni ikikutana na pengo katikati ya tabaka, hulijaza. Nishati iliyozidi hutoka, na ikitoka kama mwanga, dutu imemeta.

Ikitoka kama mwanga: hapo ndipo ulipo mgogoro wote wa ufanisi, na ndipo wakemia walipotumia miaka yao mingi. Elektroni ina sifa iitwayo spini, ambayo yaweza kufikiriwa kama kuelekea juu au chini. Elektroni na pengo zikutanapo, kuna namna nne za kuungana kwa spini zao, na katika nne hizo moja tu ndiyo inayoruhusiwa kutoa mwanga mara moja. Ni kama wasafiri wanne wafikao mlangoni ambapo bawabu hufungulia mmoja, na watatu hubaki nje hadi joto la njiani liwachukue. Kwa hiyo kimetaji cha kawaida, hata kikiwa safi namna gani, hupoteza robo tatu ya nishati yake kabla hata hatujazungumza juu ya mambo mengine. Kifaa cha Kodak kilitoa chembe moja tu ya mwanga kwa kila elektroni mia.

Bawabu alipatiwa dawa mwaka 1998. Marc Baldo, Stephen Forrest na Mark Thompson pamoja na wenzao, katika vyuo vikuu vya Princeton na Kusini mwa California, walitia katika molekuli ya kikaboni atomu moja nzito ya platini. Katika kiini kizito kama hicho, kanuni inayowazuia wale watatu hulegea, nao huingia, ijapokuwa kwa kukawia. Mwaka uliofuata iridi ilichukua nafasi ya platini na kuleta kijani kizuri zaidi, na kufikia mwaka 2001 ilidhihirika kwamba ndani ya tabaka karibu kila jozi huweza kutoa mwanga. Tunaweza, basi, kusema umeto wa papo kwa yule mmoja na umeto wa kukawia kwa wale watatu. Maneno haya yanamwambia mwanafunzi jambo lenyewe, hali istilahi za Kiingereza, zilizochukuliwa katika majina ya madini moja na elementi nyingine, hazimwambii kitu. Sehemu kubwa ya iridi ya dunia huchimbwa Afrika Kusini, nayo ni chache na ghali.

Njia nyingine ilifunguliwa Japani. Mwaka 2012 Chihaya Adachi, aliyekuwa mmoja wa washiriki wa kazi ya mwaka 2001, pamoja na wenzake katika Chuo Kikuu cha Kyushu, walionyesha vimetaji vyenye kaboni, hidrojeni na nitrojeni peke yake, visivyo na metali yoyote nzito. Humo vile viwango viwili vya nishati, cha mmoja na cha watatu, vimesogezwa karibu mno hivi kwamba vuguvugu la kawaida la chumba latosha kuwapandisha watatu hadi mlango wa yule mmoja. Naipenda kazi hiyo kwa sababu ya mantiki yake: joto, ambalo katika koroboi ni hasara tupu, hapa limetiwa kazini.

Rangi ya samawati imebaki kuwa mkaidi. Chembe ya mwanga wa samawati hubeba nishati nyingi, inayokaribia ile inayofunga baadhi ya atomu za molekuli yenyewe, na kimetaji kinachokaa muda mrefu katika hali hiyo ya kuchochewa huelekea kuvunjika. Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi watengenezaji walitumia umeto wa kukawia kwa nyekundu na kijani, na katika samawati wakaridhika na umeto wa papo pamoja na hasara yake.

Lakini ufanisi wa ndani si ufanisi wa nje, na Kiswahili kizuri hakina budi kuvitenga. Aliyepata kupiga mbizi ajua kwamba ukitazama juu kwa mshazari, uso wa maji hugeuka kioo na hauoni nje. Mwanga uliozaliwa katika tabaka za kikaboni nao hukutana na mpaka wa namna hiyo, hurudishwa ndani, huzunguka na kufa humo. Katika kifaa cha kawaida kisichofanyiwa hila yoyote, kiasi cha moja kwa tano tu ndicho kinachotoka. Kwa maneno mengine, kimetaji kinaweza kuwa kimefanya kazi yake kwa ukamilifu, na kiwambo kikawa bado ni mfungwa wa umbo lake.

Kinachotazamwa na kinachotazamisha

Tukirejea sasa kwa fundi wa Sironga na cheusi chake ambacho ni cheusi kweli, tutaona vitenzi vyetu viwili vikifanya kazi. Kiwambo cha kawaida cha fuwele za kimiminika hakimeti. Nyuma yake mna taa inayowaka wakati wote, na fuwele ni kama mapazia yanayofungwa na kufunguliwa mbele ya taa hiyo. Picha humulikwa kutoka nyuma. Pazia halizibi kabisa, basi usiku picha nyeusi huonekana kijivu. Katika kiwambo cha vimetaji kila nukta humeta yenyewe, na penye weusi nukta imezimwa na haitumii umeme. Mtu yeyote aweza kuthibitisha kwa kuingia na simu mbili katika chumba cha giza. Napendekeza, basi, kiwambo-mulikwa kwa kile cha kwanza na kiwambo-meta kwa cha pili. Televisheni ya kwanza ya aina hii ya pili kuuzwa ilikuwa ya Sony, mwaka 2007, yenye upana wa inchi 11 kutoka pembe hadi pembe. Katika simu, aina hiyo ilienea sana baada ya mwaka 2010.

Ama kuhusu taa, habari ni nyingine. Kiwambo hutakiwa kionekane. Taa hutakiwa ituonyeshe vitu vingine. Inabidi itoe mwanga mwingi, kwa saa nyingi, kwa bei ndogo, na mwanga wenyewe uwe mweupe. Wazungumzaji wa Ekegusii wataliona hili kwa urahisi kuliko sisi wa Kiswahili, kwa kuwa lugha yao huuita mwanga oborabu, neno lenye shina lile lile la weupe. Dutu moja ya kikaboni haitoi weupe kwa wepesi. Yapasa kuchanganya rangi. Junji Kido wa Chuo Kikuu cha Yamagata alieleza kifaa cheupe cha tabaka nyingi mwaka 1995, na mwaka 2009 kundi la Dresden, Ujerumani, lilifikia lumeni 90 kwa wati maabarani, kiwango cha kushindana na taa za mrija, kwa kuutega mwanga ule uliokuwa ukifia ndani. Mafanikio hayo hayakugeuka kuwa soko kubwa. Mwaka 2015 Philips iliiuza sehemu yake ya taa hizo kwa kampuni ya OLEDWorks, yenye makao Rochester, mji ule ule wa Kodak.

Sababu ni kwamba mshindani alikuwa na nguvu. Daiodi zisizo za kikaboni, za galiamu na nitrojeni, ambazo mwanga wake wa samawati uliwapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014, zimepita lumeni 100 kwa wati na bei yake imeshuka sana. Taa ya sola inayoning'inizwa katika nyumba za Nyamira ni ya ukoo huo. Ni nukta ndogo yenye mwanga mkali, nayo humulika. Kwa hiyo katika chumba kimoja usiku yaweza kuwamo taa ya sola inayomulika daftari la mtoto na simu ambayo kiwambo chake kinameta, na vyote viwili vikaitwa na muuzaji kwa herufi zinazofanana isipokuwa moja. Anayetohoa herufi hizo huzika tofauti. Anayetumia vitenzi huiweka wazi. Bamba jembamba la kikaboni linalotumiwa kama taa, lenye mwanga mpole usiochoma macho, laweza kuitwa bamba-mulika, ingawa dutu iliyo ndani yake bado ni kimetaji.

Najua kuna watakaosema kwamba kumeta hutumiwa pia kwa upanga na kwa maji ya jua la alasiri, vitu visivyo na mwanga wao. Ni kweli. Ila kitenzi si fuwele. Huchukua maana yake katika shirika la wenzake, na katika istilahi twaruhusiwa kukaza maana moja mradi isipingane na mazoea. Jina la mdudu limekwisha kutufungulia njia. Kuna watakaosema kwamba neno la kubuni haliwezi kushinda lililokwisha kukaa, nao watataja tarakilishi na ngamizi, ambayo yote mawili yalikutana na kompyuta njiani. Jibu langu ni kwamba maneno yale yalitaka kuondoa neno moja na kuweka jingine kwa kitu kile kile. Hapa tunatafuta maneno ya kutenga vitu viwili, na fundi mwenyewe anayahitaji kila mteja anapouliza kwa nini kioo kimoja kina bei mara tatu ya kingine.

Limebaki neno wino. Katika kiwambo-mulikwa si neno baya, kwa kuwa humo mna kimiminika kweli, na kikivunjika huvuja. Katika kiwambo-meta hakuna kinachovuja. Kioo kikipasuka, hewa na unyevu huingia. Metali laini ya upande hasi huoza na tabaka hujitenga, na pale palipoguswa pakaacha kumeta. Doa hukua siku baada ya siku hata simu ikiwa imelazwa kabatini. Watengenezaji hufunga vifaa hivi kwa utando ambao kwa mita moja ya eneo, mraba, haupaswi kupitisha zaidi ya gramu moja ya mvuke wa maji katika siku milioni moja, na tone la mvua ya Nyamira halijui hesabu hiyo. Kwa doa hilo napendekeza upofu, kwa kuwa nukta zilizomo zimepofuka. Na kuna alama nyingine, ile picha hafifu ya saa au ya kibodi inayobaki usoni mwa simu iliyotumika miaka mingi, kwa sababu nukta zilizofanya kazi zaidi zimechakaa kuliko jirani zake. Kwa hiyo nimekwisha kusikia jina huko Sironga, kutoka kwa kijana anayetengeneza simu kando ya barabara: aliiita kovu. Na liingie katika orodha kama lilivyo.